Siku saba Sojat, mji wa hina

Siku ya kwanza, Jumamosi

Pakiti nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, nikauviringisha kitambaa, nikauweka chini kabisa ya mkoba. Mjomba ananicheka, asema nimeibeba kama hirizi. Ni hina mbovu. Mwaka jana nilinunua katoni nzima kwa muuzaji wa jumla, nikampamba bibi harusi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, kuanzia magharibi hadi saa sita usiku. Asubuhi ilipobanduliwa, mikono ilikuwa na rangi ya chai iliyozidi maji. Mamake hakutoa neno. Aliitazama mikono ya mwanawe, akanitazama mimi, akaenda zake jikoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiweka akiba ya nauli.

Hina ya pakiti inayouzwa kwetu, ukiigeuza ukasoma maandishi madogo, mara nyingi utakutana na jina Sojat. Ni mji mdogo wa wilaya ya Pali, jimbo la Rajasthan, India, ukingoni mwa jangwa la Thar. Mjomba ana duka la viungo Marikiti na amekuja kwa sababu zake: anataka uzile wa bei ya shambani.

Tumepanda Suryanagari Express pale Bandra, Mumbai, mchana. Usiku wa manane treni ikasimama Abu Road, wauzaji wakaanza kupita na rabri, maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama uji, yakatiwa sukari. Mjomba ana kisukari. Amekula vikombe viwili, akasema cha pili kilikuwa cha kuteremshia cha kwanza.

Siku ya pili, Jumapili

Tumeshuka Marwar Junction kabla ya alfajiri, tukachukua jipu la abiria. Kulipopambazuka, kitu cha kwanza nilichokitambua Rajasthan ni mti wa mathenge. Mathenge wetu kabisa, yule wa Baringo na Tana River, mwenye miiba ya kutoboa tairi, umejipanga kando ya barabara kama mwenyeji. Dereva anauita vilayati babul, yaani mgunga wa ng'ambo. Hilo "vilayati" ni ndugu wa neno lililotupa sisi "Ulaya". Miaka ya 1930 mtawala wa Jodhpur aliamuru mbegu zake zimwagwe kwa ndege ili jangwa lipate kijani, na mwaka 1940 ukapewa hadhi ya mti wa kifalme. Nikamweleza dereva kwamba kwetu watu wa Baringo walimpeleka mbuzi mahakamani kuonyesha jinsi matunda yake yalivyomng'oa meno. Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Kisha akasema, "Lakini mkaa wake mzuri." Hilo nalo ni kweli.

Sojat imeegemea kilima chenye ngome kuukuu juu yake, na chini unapita mto Sukri, ambao leo ni mchanga mtupu na ng'ombe wawili wamelala katikati. Mito ya huku hukutana na Luni, na Luni yenyewe haifiki baharini, inapotelea kwenye mabwawa ya chumvi ya Kutch. Mvua ya mwaka mzima wilaya hii ni milimita 400 na kitu, karibu yote kati ya Julai na Septemba. Mombasa tunapata zaidi ya mara mbili ya hiyo na bado tunalia.

Kuhusu maji, nilijiona niko nyumbani. Ya bomba huja kwa zamu, na siku ya zamu kila ndoo, sufuria na debe la nyumba hujazwa. Bwawa la Jawai, lililomalizika kujengwa 1957, ndilo tegemeo la Pali. Mwaka 2022, baada ya mvua kukataa, maji yaliletwa Pali kwa treni kutoka Jodhpur, mabehewa kwa mabehewa. Mwenyeji wetu anaisimulia treni hiyo kama watu wa kwetu wanavyosimulia meli ya chakula.

Hamna pa kutazama mjini ila utaona mkono. Mabango yote ni mikono ya bibi harusi: juu ya duka la dawa, ubavuni mwa basi, kwenye geti la kiwanda. Na ukivuta pumzi unaipata harufu yenyewe, ile ya nyasi kavu na chai, harufu ya chumba cha bibi harusi, imetanda mji mzima hadi kwenye duka la fundi baiskeli.

Mjomba ameuliza habari ya uzile. Akaambiwa uzile hupandwa baada ya mvua na kuvunwa Februari na Machi, sasa ni Oktoba. Amekasirika, kana kwamba kuna mtu aliyemficha.

Siku ya tatu, Jumatatu

Tumekwenda mandi, soko la mazao linalosimamiwa na serikali. Ni uwanja mpana wenye mapaa ya mabati, na chini yake malundo: choroko, ufuta, mawele, na hina, hina, hina. Majani makavu madogo, mengine yangali kijani cha kuiva, mengine ya udongo, yamelundikwa kila mkulima na lundo lake. Mkulima hukaa kando amechutama, kilemba kichwani, hasemi. Anayesema ni dalali. Neno ni hilo hilo, dalali, na wanapofika bei kubwa wanahesabu kwa laki, na magunia wanaita goni. Kihindi changu ni cha sinema, najua kulia na kuomba msamaha, lakini pale sokoni nilielewa zaidi ya nilivyotarajia.

Wanunuzi hutembea kwa kundi kutoka lundo hadi lundo. Mmoja huchota gao la majani kutoka chini kabisa, maana juu kila mtu huweka mazuri. Huyasugua kwenye kiganja, hupuliza, huangalia kilichobaki. Vijiti vikiwa vingi, bei inashuka. Mchanga ukibaki kwenye mikunjo ya kiganja, bei inashuka. Kisha hutemea mate kidogo, husugua tena, husubiri kama mtu anayesoma saa. Kiganja kikianza kuwa chungwa, bei zinaanza kuitwa. Zoezi zima halifiki dakika tatu, na mkulima wakati wote huo anatazama uso wa mnunuzi, kiganja hakitazami.

Dalali mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinikaribisha chai. Nikatoa pakiti yangu. Hakuifungua kwa pupa. Alitandika gazeti, akamwaga unga kiasi cha kijiko, akadondosha maji kwa ncha za vidole. Hina njema maji yake huanza kahawia yakaelekea chungwa. Ya kwangu ilitoa duara la kijani kali, likasambaa juu ya gazeti mpaka likafunika picha ya mwanasiasa.

"Hii kijani ni rangi ya viwandani," akasema. "Chini yake ni jani la mvua."

Nikamuuliza jani la mvua ni lipi. Akaangalia mbingu, iliyokuwa nyeupe bila doa, akagusa mbao za kiti, kama mtu anayeepusha balaa. "Ukikaa utaliona. Bora usilione."

Nilitaka anitajie wanaolisaga. Akanimiminia chai nyingine.

Jambo moja alilonifafanulia, nalo nimelala nalo: serikali ya India kila mwaka hutangaza bei ya chini kabisa kwa mazao zaidi ya 20, mawele yamo, choroko imo, ufuta umo. Hina haimo. Mkulima wa hina bei yake ni ile ya kiganja.

Siku ya nne, Jumanne

Shambani. Mwenye shamba ni mzee wa miaka sabini hivi, nami nimeambiwa nimwite kaka-sa. Hiyo "sa" ni ya heshima, na "kaka" kwao ni baba mdogo, kwa hiyo mjomba amekuwa akimwita mzee wa watu baba mdogo huku akidhani anamwita ndugu. Tulipofika nilisema "Khamma ghani" kama nilivyofundishwa, mzee akajibu, mkewe akacheka kwa furaha akanifunika kichwa kwa upande wa ushungi wake. Mimi nina buibui tayari. Akanifunika hivyo hivyo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mhina mmoja uani, mrefu kuliko mlango, tukichuma majani tunayatwanga kwenye kinu. Nilikuwa nikifikiri shamba la hina ni msitu wa miti kama ule. Kumbe ni vichaka vya kufika magotini au kiunoni, safu kwa safu mpaka macho yanachoka, juu ya udongo mgumu ambao kwetu usingeufikiria hata kwa muhogo. Miche hukuzwa kitaluni tangu Machi, na mvua za Julai zikishuka huhamishwa: mtu mmoja anatoboa ardhi kwa chuma, mwingine anachomeka mche, anakandamiza kwa kisigino. Mwaka wa kwanza unapata kidogo. Kuanzia wa tatu shamba limekolea, na baada ya hapo linaweza kuvunwa miaka 20, hata 30. Mzee ana kipande kilichopandwa na marehemu babake.

Nikamuuliza kwa nini wameacha mazao mengine. Hawakuacha, akasema, mawele na choroko wanalima za kula. Lakini mawele yakikosa mvua mwezi mmoja yanakufa, na maji ya visima vingi huku yana chumvi. Mhina una mizizi ya kwenda chini, unavumilia chumvi, na mwaka wa ukame unatoa jani pungufu lakini haufi. Tena jua kali na kiu ndivyo vinavyolipa jani rangi. Palipo maji mengi jani huwa kubwa, zuri kwa macho, na hafifu mkononi. Mzee alilisema hili kwa kulionyesha: akachuma jani moja kando ya mfereji na jingine katikati ya shamba, akayapondea pamoja juu ya kucha mbili za mkono wangu. Nimekaa nayo saa moja. Ile ya katikati imekolea, na ninapoandika hapa usiku bado natofautisha kucha na kucha.

Wavunaji huingia kabla jua halijapanda. Mkono wa kulia mundu, wa kushoto umefungwa matambara na kipande cha ngozi kwenye vidole, maana matawi ni makavu na yanachana. Huinama, hukusanya matawi kwa mkono wa kushoto, hukata karibu na ardhi, hupiga hatua, huinama. Nilijaribu safu moja. Kufika katikati mgongo ulinikumbusha umri wangu, na mama mmoja aliyeanza pamoja nami alikuwa keshageuza safu ya pili. Wengi ni wageni waliokuja kwa msimu, wanalala papo hapo shambani. Mzee analalamika kwamba ujira unapanda kila mwaka. Yule mama, nilipomuuliza pembeni, aliona ujira ni mdogo. Nimeuona mgongo wake, sitaki kuamua kesi hii kwa haki.

Matawi yaliyokatwa huachwa mafungu mafungu siku moja hivi yanyauke, kisha hukusanywa mahali palipofagiwa, hukauka zaidi, halafu hupurwa kwa fimbo. Majani huanguka, vijiti vinakwenda jikoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dalali aligusa kiti. Kuanzia mundu hadi gunia zinapita siku chache ambazo mwaka mzima wa mtu umelala chini, wazi, bila paa.

Chakula cha mchana: mikate ya mawele, minene, imepakwa samli, pilipili ya kitunguu saumu, maziwa ya kuchapwa yenye chumvi, na kipande cha sukari guru, ambayo wao huiita gur. Mjomba amesamehe kila kitu.

Siku ya tano, Jumatano

Kinu cha kusagia. Nimetoka huko nikiwa kijani nyusi na kope. Jani huingia kwanza kwenye chekeche la kutoa mchanga, halafu mashine, halafu kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo sana. Hina ya kuchorea inapita humo mara mbili na tatu, kwa sababu chembe moja ikikwama kwenye ncha ya koni fundi anaharibu ua zima. Wafanyakazi wamejifunga vitambaa puani, na vitambaa vyenyewe vimegeuka ukoko. Nilimwuliza kijana mmoja kama hakohoi. Akasema, usiku.

Tangu 2021 jina "Sojat Mehndi" linalindwa kisheria, kwamba hina ya kwingine isiuzwe kwa jina hilo. Mwenye kinu ana nakala ya cheti ukutani, imefunikwa vumbi. Nikamwambia Mombasa jina hilo nimelikuta kwenye pakiti ya takataka. Akajibu kwamba cheti hulinda jina, unga hulindwa na mtu aliyesimama kando ya mashine. Basi nikasema nitanunua jani mwenyewe na nitasimama kando ya mashine. Alidhani natania.

Alasiri nyumba ya pili kutoka hapo tumewakuta wanawake wanane wamekaa mkekani wanajaza koni. Rojo huwa limechanganywa mafuta ya mkaratusi na ya karafuu, na harufu ya karafuu ilinipiga nikajiona niko forodhani Unguja. Mmoja anaviringisha nailoni, wa pili anajaza, wa tatu anafunga kwa pini na gundi, wanalipwa kwa idadi. Vidole vyao ni vyeusi hadi fundo la pili, rangi ambayo bibi harusi wangu angeililia. Wakaniuliza kwetu tunachoraje. Nikawachorea maua yetu makubwa, na nikawaeleza habari ya piko, kwamba wateja wanataka nyeusi ya haraka na wapo wanaotia rangi ya nywele yenye PPD, kemikali ya kutia weusi, ngozi ikatoka malengelenge. Wanaijua. Hata huku kuna koni za "dakika kumi". Bibi mmoja alisema hina inayokolea kwa dakika kumi haioti mkononi, inakuunguza. Wote wakatikisa vichwa huku mikono ikiendelea kujaza.

Nimewekesha jani la kaka-sa, magunia manne, lile lililokwisha kupurwa. Lililobaki shambani litakatwa leo na kesho.

Siku ya sita, Alhamisi

Nimeamshwa na ukimya wa mashine. Mji wote walikuwa wametoka nje wanatazama magharibi. Wingu lilikuwa moja tu, la rangi ya kijivu chini na nyeupe juu, na kama ningekuwa Mombasa nisingeanua hata nguo kwa ajili yake.

Tulikwenda shambani kwa pikipiki za majirani. Kufika, familia nzima inakimbia: watoto, wavunaji, mke wa mzee, hata mgeni mmoja aliyekuja kuuza sabuni. Turubai ni tatu na mafungu ni mamia. Unachagua. Kaka-sa alisimama katikati ananyoosha kidole, hili, lile, lile acha, na sauti yake haikupanda. Mjomba wangu, ambaye nyumbani hanyanyui hata sahani yake, alikumbatia matawi kifuani akakimbia nayo mpaka kanzu ikachanika.

Mvua yenyewe ilinyesha muda wa kuswali rakaa nne. Matone makubwa, mbalimbali, yanatoboa vumbi. Harufu iliyopanda ndiyo hiyo niipendayo kuliko zote duniani, ya hina ikiloweshwa, na ilikuwa shamba zima, na hakuna aliyeweza kuivuta kwa raha. Julai watu hawa huombea wingu kama hili. Mke wa mzee alikaa kwenye tuta akakamua ushungi wake, akaniambia kwa Kihindi nilichokielewa chote: "Imekuja vizuri. Imekosea mwezi."

Siku ya saba, Ijumaa

Jua limerudi kali, kama lisilohusika. Yaliyokuwa chini ya turubai yamepona. Yaliyobaki nje, karibu nusu, yamegeuka. Nimechukua jani moja nikaliweka kando ya la juzi: la juzi kijani ya kahawia, la leo jeusi, limekunjamana, kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nimelisugua kwenye kiganja. Nimesubiri. Chai ya maji.

Saa nne lori dogo likaja. Mwenye lori hakuchota gao, hakusugua, hakutema mate. Aliangalia lundo kwa mbali akataja bei. Kaka-sa hakubishana. Kwa majani kama yale, kumbe, bei haiitwi, inatajwa. Vijana wakaanza kupakia kwa koleo, kama wanavyopakia samadi.

Nilikuwa na pakiti mkobani. Nilikuja nayo Sojat nikiwa nimejiandaa kumpigia mtu kelele, na nimeitembeza wiki nzima nikimtafuta. Nikaitoa nikamwonyesha mzee. Akainusa, akaigeuza, akasoma jina la mji wake kwenye karatasi. Akauliza kwetu pakiti hii huuzwa kiasi gani. Nikageuza shilingi kuwa rupia, nikamwambia. Akauliza ina gramu ngapi. Nikamwambia.

Akahesabu kwa vidole, kwa zile pingili za ndani, kama wahesabuvyo kwao, dole gumba likipanda na kushuka. Alipofika mwisho alianza tena, nadhani hakuamini. Kisha akanirudishia pakiti kwa mikono miwili, akachukua uma wa mti, akaenda kugeuza yale yaliyopona, kwa sababu upande wa chini ulikuwa bado na unyevu na treni yetu ni ya usiku, na magunia yangu manne aliahidi yatakuwa makavu.